Chupa za Mabatini

Watu wa Kilimarondo wakikwambia kwamba nyumba ya Kulthumu ilikuwa inaonekana kutoka Nachingwea mjini, usiwabishie sana. Nachingwea ni mbali, hata pikipiki inafika imechoka, lakini bati la Ausi liling'aa kiasi kwamba kunguru wakitaka kutua walifumba macho kwanza. Ausi aliezeka mwaka ule wa korosho nzuri. Alipanda mwenyewe kugongelea misumari, na alipomaliza hakushuka. Alikaa kule juu mpaka magharibi akipokea salamu za wapita njia kama mkuu wa wilaya, na mkewe akampelekea ugali kwa ngazi.

Huyo mke ndiye Kulthumu, na habari hii ni yake. Hakuwa mrefu, hakuwa mnene, kusoma hakujua, na kwa kubishana hakuna aliyemshinda isipokuwa mumewe. Walikuwa wamebishana miaka arobaini na mitatu. Walibishana juu ya chumvi, juu ya mwezi kama umeandama au bado, juu ya jogoo aliyekufa kabla watoto hawajazaliwa. Watoto wenyewe walikua katikati ya mabishano hayo, wakaenda zao Masasi na Dar es Salaam kutafuta kimya, na wazee wakabaki wawili wakiendelea pale walipoishia.

Ausi alikuwa mtu wa maneno. Alisema simba aliwahi kumwomba ugoro porini, akamnyima, simba akaenda zake amenuna. Alisema tembo mmoja alimkuta kwenye shamba la mihogo wakazungumza kiutu uzima mpaka tembo akaomba radhi. Kulthumu alisema tembo huyo alikula mihogo yote, na Ausi alikuwa juu ya mkorosho akilia. Lolote lililokuwa kweli, hakuna mnyama aliyemweza Ausi. Kilichomweza ni tumbo lake.

Mwaka juzi lilifunguka likamlaza wiki mbili. Mwaka jana likafunguka tena, na safari hiyo akapungua mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili, na alipopita juani kivuli chake kilitangulia kwa sababu ndicho kilichokuwa na nguvu. Walimtibu zahanati. Siku ya kumruhusu, muuguzi alimvuta Kulthumu pembeni. Muuguzi huyo aliitwa Penina, binti wa Kisukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka huko Ziwani, akabaki. Msichana mpole, mwenye haraka, aliyekuwa muuguzi peke yake kwa vijiji vitatu.

"Bibi," alimwambia, "huyu mzee hana akiba tena mwilini. Tumbo likifunguka mara ya tatu, hatavuka."

Kulthumu alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebebeshwa yai mdomoni. Hakumwambia Ausi. Tangu siku ile kazi yake duniani ikawa moja tu, tumbo la mumewe lisifunguke.

Sasa maji. Maji ya kule yalikuwa haya. Bomba la mradi lilikohoa wiki tatu likanyamaza, na watoto wakafanya mpini wake bembea. Kwa hiyo wanawake waliteremka korongoni, kwenye mto usio na maji juu, wakafukua mchanga mpaka mtu akaonekana kisogo tu. Wakangoja maji yatoke jasho, wakachota kwa kata. Kisima ukikiacha wazi, tembo hukikuta usiku. Tembo wakishiba, asubuhi huja ng'ombe, na wenye ng'ombe hawana kosa, nao wamekuja kutafuta uhai kama kila mtu. Basi yakibaki maji, ni ya binadamu. Waliyasifu watu wa pale kwamba yana ladha ya nyumbani. Ukweli ni kwamba yalikuwa na ladha ya kila aliyepita.

Penina alikuwa amemwambia achemshe. Kulthumu akachemsha. Kuni zilikuwa mbali, porini, na huko hujui kama kichaka unachokiona ni kichaka au mgongo wa mtu mwingine mwenye mkonga. Na yalipopoa maji yakanuka moshi, Ausi akayatema uani akasema hajaolewa na jiko. Wiki ya pili Kulthumu alikwenda zahanati akakaa benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha, akamwuliza Penina kama hakuna njia nyingine kwa mtu mwenye mume mjinga. Penina akafikiri, akasema ipo, na ni jua.

Akamfundisha polepole. Atafute chupa za plastiki za maji ya dukani, nyeupe kabisa, si za kijani wala za rangi, ambazo hazijachubuka. Atoe karatasi. Azioshe, azijaze maji yasiyo na tope, azifunge, azilaze juu ya bati tangu asubuhi mpaka jua la alasiri. Jua lenyewe litaua vijidudu. Siku ya mawingu azilaze siku mbili. Akishamaliza, mzee anywe humo humo kwenye chupa, au amimine kwenye chombo safi.

"Nitajuaje kama maji hayana tope?" Kulthumu aliuliza.

Penina akachukua karatasi yenye maandishi, akaweka chupa juu yake, akamwambia atazame kwa juu kupitia maji. Akiona herufi mpaka chini, yamefaa. Kulthumu akatazama, akasema yeye herufi hazimjui. Akavuta pindo la kanga yake, yenye yale maua ya korosho, akaliweka chini ya chupa. "Nikiiona korosho na kikonyo chake?"

Penina akacheka, akasema hiyo imezidi karatasi.

Hapo ndipo Kulthumu akawa mwehu wa makopo. Gulio likiisha, wenzake walibeba samaki wakavu, yeye alibeba kiroba. Siku ya mkutano wa hadhara alikaa mbele kabisa, hakusikia hata neno moja, macho yake yalikuwa kwenye chupa ya mgeni rasmi, na mgeni alipoinua chupa kunywa mara ya mwisho Kulthumu alisimama, watu wakadhani ana swali. Alifika mpaka Nachingwea stendi, akaingia chini ya basi la Masasi kufuata chupa moja iliyoviringika, kondakta akamvuta miguu. Watoto walimwita Bibi Chupa. Alirudi na kumi na tisa zisizo na kasoro, na nyingine za kijani ambazo hakuweza kuziacha kwa sababu zilikuwa nzuri, akatia humo mbegu za ufuta.

Asubuhi ya kwanza alizipanga juu ya bati, mstari mmoja, kila chupa kwenye mfereji wake. Ausi alitoka kupiga mswaki, akatazama juu, mswaki ukabaki mdomoni. Alisema aliezeka nyumba, hakuezeka duka la soda. Alisema ndege za serikali zitadhani ni alama ya kutua. Kisha akakaa kivulini akazilinda siku nzima dhidi ya kunguru, kwa mawe, huku akilalamika.

Alasiri mkewe akamletea ya kwanza. Yalikuwa maangavu hujapata kuona, ungeweza kusoma Kurani kupitia maji yale. Ausi akatia mdomoni, akakunja uso, akayarudisha ndani ya kikombe.

"Ya moto."

"Ya vuguvugu tu. Yamelala juani."

"Maji ya vuguvugu ni ya kuoshea maiti, Kulthumu. Mimi bado naongea."

Na hapo hakubanduka. Siku mbili alikaa na kiu ili amkomoe. Siku ya tatu Kulthumu alimkuta anakunywa kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, maji ya kisimani moja kwa moja, ameinama kama mbuzi, na alipomwona akajifuta mdomo akasema alikuwa anajitazama uso. Kulthumu alikaa chini. Aliona wazi kwamba jua linaweza kuua kila kitu ndani ya chupa isipokuwa ukaidi wa Ausi, na kwamba maji yasipokuwa baridi mume wake atakufa.

Kitu cha kupoza maji alikuwa nacho. Mtungi.

Mtungi huu lazima uujue. Mama yake Kulthumu alikuwa Mmakua, akavuka Ruvuma kukimbia vita upande wa Msumbiji. Hakubeba nguo wala sufuria, alibeba mtungi kichwani una maji ya mto wa kwao. Alipokuwa anasimulia mwanzo, maji yalikuwa robo. Alipozeeka mtungi ulikuwa umejaa pomoni, alivuka akiogelea bila kumwaga tone, na mamba wawili walimpisha wakainamisha vichwa. Lakini jambo moja hakulibadilisha kamwe: maji yale hayakuisha. Mtungi haukaushwi. Yakifika viganja viwili kutoka chini, unaongeza mapya juu ya ya zamani, ili ya zamani yayapokee mapya na yayafundishe kukaa. Ukiukausha, umeifukuza nyumba. Na kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha na korongo likatembea, unachota kata moja ya maji mapya ya mto, unayamimina mtungini kwa heshima, kuuonjesha. Mama alifanya hivyo mpaka anakufa. Kulthumu naye hakuruka mwaka hata mmoja. Mahali fulani ndani ya mtungi ule bado kulikuwa na tone la mto wa mama yake.

Ulikaa gizani, kona ya chumba cha ndani, umezikwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu, umefunikwa sahani ya maua. Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Chombo safi, Penina alikuwa amesema. Katika nyumba nzima hakukuwa na chombo alichokitunza Kulthumu kuliko kile. Sufuria aliweza kulala nazo chafu. Mtungi aliufuta kwa kitambaa chake peke yake kila Ijumaa.

Basi akawa anashusha chupa alasiri, anazimimina mtungini moja moja, na asubuhi Ausi anakunywa. Alikunywa kikombe cha kwanza, akatulia, akatazama dari. Akasema maji haya ni yale ya utotoni mwake. Akaomba cha pili.

Kulthumu alitoka nje akakaa barazani, akacheka peke yake mpaka machozi.

Tangu Julai mpaka Novemba tumbo la Ausi halikusema neno. Mkanda ulirudi tundu moja, halafu mawili. Akaanza tena kuokota korosho, na uongo wake nao ukapata afya. Simba sasa alikuwa anaomba ugoro na kiberiti. Penina alipita siku moja kwa pikipiki, akasimama uani, akahesabu chupa juu ya bati akampa Kulthumu mkono kama mwanamume. Hakuingia ndani, alikuwa na mama mjamzito anamngoja kijiji cha pili.

Hata jirani yao Masanja, mwenye ng'ombe, alikuja kutazama. Yeye na mkewe Suzana walikuwa na nyumba ya nyasi, na chupa kwenye nyasi huviringika, kwa hiyo alinunua bati moja akaliweka juu ya vigingi nje ya zizi. Kulthumu alikwenda mwenyewe kumfundisha Suzana mambo ya pindo la kanga, akarudi amejaa kifua. Nyumba nne nyingine zikafuata. Waliomwita Bibi Chupa sasa walimwita hivyo wakiwa na chupa mkononi wanauliza kama hii inafaa.

Mvua ya kwanza ilikuja mwisho wa Novemba, usiku na mchana, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua kwa hasira. Korongo lilitembea. Lilishuka na majani, na mavi ya ng'ombe na ya tembo na ya watu ya kiangazi kizima, na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Kulthumu hakupumbaa. Aliyachota akayatuliza kwenye ndoo siku nzima, akayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, akayatuliza tena, akatazama korosho, haikuonekana. Akayatuliza tena mpaka korosho ikaonekana na kikonyo chake. Mawingu yalikuwepo, akazilaza chupa siku mbili kamili, na moja aliyoitilia shaka akailaza siku tatu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumheshimu mwalimu wake vile.

Na jioni ile korongo lilipotembea, kabla ya yote hayo, alikuwa ameteremka na kata ya mama yake. Alichota maji mapya pale yanapokimbia, akarudi nayo taratibu asiyamwage, akafunua sahani ya maua, akaumiminia mtungi. Kata moja. Alifanya bila kufikiri, jinsi unavyovua viatu mlangoni. Hayo hayakuwa maji ya Ausi, yalikuwa ya mtungi.

Kabla wiki haijaisha Ausi aliamka alfajiri akatoka nje haraka. Akarudi, akatoka tena. Jua lilipochomoza alikuwa ameegemea ukuta wa choo na hana utani mdomoni, na hilo ndilo lililomtisha Kulthumu kuliko mengine. Alimwuliza amekula nini. Akasema amekula alichopewa.

Masanja alimpakia kwenye pikipiki, Kulthumu nyuma akimshika, wakaingia kwenye tope jeusi. Walianguka mara mbili. Mara ya pili Ausi alisema kwa sauti ndogo kwamba afadhali tembo, tembo angembeba vizuri zaidi. Zahanati walimkuta Penina na wagonjwa wanane wa tumbo na dripu mbili. Alimtundikia Ausi moja. Kesho yake asubuhi dripu zikaisha, gari la wagonjwa lilikuwa limekwama upande wa pili wa mto, na Penina akampa Kulthumu pakiti za chumvi na sukari, zile za kuyeyusha kwenye maji. Akamshika mabega. Maji salama, bibi, alimwambia, yale yako. Mpe kidogo kidogo, usiache, hata akikataa.

Kulthumu alimrudisha nyumbani akamlaza. Hakulala yeye. Aliyeyusha pakiti kwenye jagi, kwa maji ya mtungi, kwa kuwa alijua ya chupa atayakataa na hakuna muda wa kubishana. Alimnywesha kwa kijiko. Ausi alikunywa yote bila kukunja uso. Alikunywa kama mtoto mwema, jagi moja, la pili, la tatu, na kila jagi lilivyoingia ndivyo lilivyotoka. Kulthumu akachota tena. Alimwambia anywe, atapona, maji haya ndiyo mazima pekee tarafa nzima. Ausi akaitikia kwa macho. Siku hiyo hawakubishana, na Kulthumu alipogundua hawabishani akamtukana ili amjibu. Hakujibu.

Siku iliyofuata mawingu yalifunguka ghafla, jua likatoka kali kama halijawahi kwenda popote. Kulthumu, mikono ikimvuta kwa mazoea, alipanda ngazi akalaza chupa zake kumi na tisa. Ausi alifariki kabla ya adhuhuri.

Maziko kule hayangoji. Wanaume walikuja, wakachimba, na walioteuliwa kuosha wakaingia na ndoo. Mwalimu wa madrasa akatoka kuomba maji ya vuguvugu. Wanawake wakahangaika jikoni, wakapuliza, kuni zilikuwa zimelowa tangu juzi, zikatoa moshi tu na maji yakilia kwenye ncha kama nyoka. Walipuliza mpaka macho yakavimba. Mwalimu akaja mara ya pili, akasema muda unakwenda.

Kulthumu alikuwa amekaa chini ukutani na kanga yake kichwani. Alisema, bila kuinua uso, kwamba maji yapo. Wakamwuliza yako wapi.

"Mabatini."

Mtu akapanda ngazi. Wakazishusha moja moja wakipokezana mkono kwa mkono, na kila aliyeshika chupa aliipitisha kwa mikono miwili, kwa sababu zilikuwa na joto hasa linalotakiwa, wala halikuzidi wala halikupungua. Wakazimimina ndooni. Zilitosha zote kumi na tisa. Kulthumu alizisikia zikigugumia ndani ya chumba, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza Ausi hakuyakataa.

Baada ya matanga watu walisema yao. Walisema chupa za plastiki zikipikwa juani zinatoa sumu. Walisema jua halijawahi kumponya mtu, ni la kukaushia samaki. Suzana, mke wa Masanja, alikuja kukaa naye kidogo, na alipoaga alikuwa anatazama chini. Kesho yake lile bati la vigingi lilikuwa juu ya banda la ndama. Nyumba nne zile nazo zikateremsha. Wakarudi korongoni na kata zao. Kulthumu alikuwa ndani ya eda, hatoki, na hata angetoka asingekuwa na la kuwaambia. Alifuata kila neno, na Ausi alikufa. Naye alianza kuwaza kama wao, kwamba yeye na chupa zake ndio waliomwua.

Penina alifika wiki ya tatu. Alikaa kwenye mkeka, akatoa pole, akasema vijiji vyote vitatu vimepoteza watu, na akafikicha macho kama mtu mwenye deni la usingizi. Jua lilikuwa kali. Kulthumu akainuka kumpa maji, kama anavyopewa mgeni. Alichukua chupa mbili zilizotoka mabatini alasiri ile, maana mikono ilikuwa bado inaanika hata moyo ulipoacha, akaingia chumba cha ndani, na Penina akamsikia anamimina. Akainuka akamfuata mpaka mlangoni. Kulthumu alikuwa anazamisha kata mtungini.

"Bibi," Penina alisema, "kumbe unayahamishia humu."

Kulthumu akasema ndiyo, mzee alitaka baridi, na wewe ulisema chombo safi. Akampa kikombe.

"Uliumwaga lini mara ya mwisho ukauosha ndani?"

"Huu haumwagwi, mwanangu."

Na kwa kuwa hakuwa ameongea na mtu siku nyingi, na mtungi ulikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia, akamsimulia yote. Mama, Ruvuma, mamba wawili. Maji ya zamani yanavyoyapokea mapya. Akamsimulia kata ya mvua ya kwanza, jinsi alivyoteremka mwaka huu pia, magoti yanauma, akaileta bila kumwaga hata tone.

Penina aliweka kikombe chini. Hakukipeleka mdomoni. Alikiweka polepole sana kando ya mlango, na Kulthumu akakitazama kikombe kile, kimejaa, maangavu, mpaka chini.

"Kata moja," Kulthumu alisema. "Mtungi mzima ulikuwa wa chupa. Kata moja tu inatosha?"

"Inatosha, bibi."

"Na kwenye zile pakiti?"

Penina alianza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba siku ile alisimama uani akahesabu chupa na hakuingia ndani, mama mjamzito alikuwa anamngoja. Kulthumu alimwinulia mkono asiendelee. Alikuwa anahesabu. Jagi la kwanza, la pili, la tatu. Kijiko, kijiko. Ausi akinywa bila kukunja uso.

Penina aliahidi kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwamba chupa hazina kosa. Alipita kweli. Watu walimkaribisha, wakamsikiliza, wakaitikia ndiyo dada. Hakuna aliyepanda ngazi. Bibi Chupa mwenyewe mumewe amekufa. Utawaambia nini tena.

Siku mbili baadaye Kulthumu aliufukua mtungi kwenye mchanga wake. Ulikuwa mzito kama mtu. Aliukumbatia mpaka uani akauinamisha. Maji yalitoka, mazuri kwanza, kisha machafu, kisha chini kabisa tope laini la kijani, laini kama ngozi ya chura, miaka na miaka ya mito yote miwili, wa mama yake na wa kwake. Yakaingia ardhini. Mama yake angeona angelia, Kulthumu hakulia. Aliusugua kwa mchanga na majivu, akauosha kwa chupa nne, akauweka juani mdomo juu, kama Penina alivyomwelekeza, ukauke kabisa.

Mtungi ule ulikuwa haujawahi kukauka. Siku ya pili udongo ukaanza kubadilika rangi. Siku ya nne, mchana, alisikia kitu kama mtu amevunja ukuni, na alipotoka ulikuwa umepasuka toka mdomoni mpaka kitakoni, vipande viwili, vimelala kama ganda la korosho. Alivitazama. Akavisogeza ukutani kuku wasiumie.

Sasa chupa zimechubuka. Juu ya bati mchanga na joto vimezitia ukungu, na pindo la kanga halionekani vizuri kupitia humo, na safari ya stendi magoti hayawezi tena. Amebaki na mbili zinazofaa. Bati lenyewe limeanza kutu pale misumari ilipo, na kunguru wanatua bila kufumba macho. Asubuhi anazilaza mbili. Alasiri anazishusha, moja anaiweka mlangoni kwa mgeni atakayepita, nyingine anaifungua akiwa amesimama uani, anakunywa maji ya vuguvugu mpaka chini, bila kukunja uso.